Saa nane usiku yuko nani zamu? Hesabu ya hospitali kwa mzazi wa mara ya kwanza

MAKALA MAALUMU
Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kikao kimeitishwa Jumamosi baada ya chai, sebuleni, Tabata. Mezani ipo kadi ya kliniki, imeshaanza kuchakaa pembeni ingawa mimba ndiyo kwanza ina miezi saba. Nesi amemwambia binti: tarehe ijayo uje na jibu, utajifungulia wapi.

Mama mzazi, aliyepanda basi kutoka Tanga kwa ajili ya jambo hili, haoni cha kujadili. Mzaliwa wa kwanza huzaliwa kwao mama yake. Atamchukua mwanawe mwezi wa nane, amuuguze, amkande, arobaini ikitimia arudi kwa mumewe.

Mume anataka hospitali binafsi aliyojifungulia mke wa bosi wake: chumba cha peke yako, choo humohumo, supu inaletwa kitandani. Wifi mtu, ambaye ana watoto wawili na kwa hiyo anajihesabu mtaalamu, anasema wasijisumbue, waende Muhimbili moja kwa moja. "Mambo yakiharibika si mtahamishiwa hukohuko?"

Binti mwenyewe amekaa kimya muda wote. Mwishowe anauliza: "Na uchungu ukinishika saa nane usiku, je?"

Hakuna aliyemjibu. Vikao vya namna hii vinafanyika kila wiki katika nyumba nyingi za mji huu, na mara nyingi vinaishia kwenye jina la hospitali, bei ya chumba na sifa za daktari fulani. Swali la binti huwa linapita hivihivi, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

Namba zinasemaje

Zamani hoja ilikuwa mama ajifungulie kituoni au nyumbani kwa mkunga wa jadi. Kwa mjini hoja hiyo imekwisha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta uzazi 81 katika kila 100 unafanyika kwenye vituo vya huduma. Ule wa 2015/16 ulikuta 63.

Katika kipindi hichohicho makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mteremko huo ndio uliompatia Rais Samia Suluhu Hassan tuzo ya Goalkeepers ya Gates Foundation, aliyokabidhiwa Dar es Salaam Februari 2025. Mahesabu ya Umoja wa Mataifa hayana ukarimu kiasi hicho. Kwa mwaka 2020 yaliiwekea Tanzania vifo 238. Wataalamu wa takwimu wana yao ya kuzozana hapo, ila hakuna upande unaokana kwamba vifo vimeshuka.

Namba ambayo haikupigiwa makofi ni ya watoto wachanga. Wanaofariki ndani ya mwezi wa kwanza walikuwa 25 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai mwaka 2015/16. Mwaka 2022 walikuwa 24.

> Wanaojifungulia vituoni: kutoka 63 hadi 81 katika kila 100. Vifo vya watoto wachanga: kutoka 25 hadi 24 katika kila 1,000.

Mama wameitikia wito, wamekwenda hospitali kwa wingi. Faida iliyotarajiwa kwa watoto wao haikufuata. Kuvuka geti kunasaidia, lakini kuna geti na geti, na hata hospitali moja yaweza kuwa na sura mbili: ya saa nne asubuhi, madaktari wakiwa kwenye raundi, na ya saa nane usiku.

Nyonga isiyojulikana

Mkunga akimpokea mama wa mtoto wa tatu, anapokea na historia yake. Anajua nyonga imeshapitisha watoto wawili, wa uzito gani, kondo la nyuma lilitoka lenyewe au lilisumbua, damu ilikatika au la. Mama wa mimba ya kwanza hana hata mstari mmoja wa historia hiyo. Yote yatajulikana siku yenyewe.

Ndiyo maana mambo mengine humpata yeye zaidi. Shinikizo la damu la ujauzito, lile linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, huwapata zaidi walio na mimba ya kwanza. Uchungu pingamizi nao, mtoto akiwa amekwama njiani, ndio mzizi wa fistula, na wodi za fistula kama ile ya CCBRT hapa Dar es Salaam zimepokea kwa miaka mingi wanawake ambao balaa liliwapata katika uzazi wa kwanza kabisa.

Tena uchungu wa kwanza ni mrefu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2018 kwamba uchungu wenyewe uhesabiwe kuanzia njia ikiwa imefunguka sentimita tano, na kwa mzaa wa kwanza, kutoka hapo hadi njia kufunguka yote, saa 12 bado ni kawaida. Kusukuma peke yake kwaweza kufika saa tatu. Kabla ya hizo sentimita tano kuna uchungu wa kuvizia, unaokuja na kupotea, ambao hauna saa maalumu. Siku nzima inaweza kukatika.

Hapa ndipo ugomvi wa kwanza na manesi unapozaliwa. Familia inafika mbio na beseni, kapu na doti tatu za kanga. Mama anapimwa, njia sentimita mbili. Wanaambiwa warudi nyumbani au watembeetembee nje. Shangazi anapandisha sauti: tunafukuzwa! Wakati mwingine ni kupuuzwa kweli. Mara nyingi ni ushauri sahihi, kwa kuwa mama anayelazwa mapema mno huishia kuwekewa dripu ya uchungu au kupasuliwa kwa sababu tu saa zimekwenda na watu wamechoka kungoja.

Lakini ushauri wa kurudi nyumbani una maana kwa anayekaa jirani. Ukiwa umetoka Chanika kuja Upanga, nyumbani kwako ni benchi la nje.

Nani asisumbuke kuchagua

Wapo ambao kwao mjadala ni mfupi. Kadi ya kliniki ina sehemu ya vidokezo vya hatari, na mimba ya kwanza hupitishwa hapo kwa jicho kali: mama aliye chini ya miaka 20, mwenye zaidi ya miaka 35, mwenye kimo chini ya sentimita 150, mwenye kilema cha nyonga. Ongeza kisukari, presha, moyo, selimundu, pacha, na mtoto aliyekaa matako mwishoni mwa mimba.

Hao waende moja kwa moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana, yenye damu na yenye kitengo cha watoto wachanga. Kliniki wakiandika rufaa, ile karatasi isiachwe kabatini kwa kuwa mama mkwe alizaa saba nyumbani bila kelele.

Waliobaki, ambao ndio wengi, wana nafasi ya kuchagua. Na hapo ndipo kila mtu ana lake.

Karibu, kubwa, au tulivu?

Upande wa kwanza ni wa wakunga na waganga wengi wa ngazi ya chini. Kwao mimba isiyo na tatizo ianzie kituo cha afya kilicho karibu, kisha ihamishwe ikibidi. Hoja yao ina nguvu kuliko ilivyokuwa zamani, kwa kuwa tangu mwaka 2017 Serikali imekuwa ikijenga na kukarabati vituo vya afya ili viweze kufanya upasuaji wa dharura. Ila jengo ni jambo moja, mtaalamu wa usingizi ni jambo jingine. Akiwa yuko likizo, hicho chumba cha upasuaji kimefungwa, hata kama kibao cha uzinduzi bado kinang'aa ukutani.

Upande wa pili ni wa wifi mtu: nenda kubwa. Amana, Temeke, Mwananyamala, na juu yao Muhimbili. Huko daktari hakosekani, damu ina namna ya kupatikana, na mtoto akichoka hapelekwi mbali. Bei yake ni msongamano. Mama wawili kitanda kimoja si hadithi, na nesi mmoja anayezunguka kwa wazazi wengi hawezi kusikiliza mapigo ya moyo wa kila mtoto kila nusu saa kama mwongozo unavyotaka, hata awe malaika.

Muhimbili ina jambo lake zaidi. Ni hospitali ya rufaa, imewekwa kwa ajili ya waliokwama kwingine. Watafiti waliopitia kumbukumbu zake walikuta kwamba mwaka 2000 waliojifungua kwa upasuaji pale walikuwa asilimia 19. Mwaka 2011 walikuwa 49. Sehemu ya ongezeko hilo ni kwa sababu inapokea kesi ngumu. Lakini watafiti hao walikuta limewagusa hata wanawake wasiokuwa na hatari kubwa, na hapo anayekwenda mwenyewe bila rufaa inabidi ajiulize mara mbili.

> Mwaka 2000 upasuaji Muhimbili ulikuwa asilimia 19 ya uzazi. Mwaka 2011 ulikuwa asilimia 49.

Upande wa tatu ni hospitali binafsi, na hapa mume wa Tabata asichekwe. Faragha ina thamani. Kuonwa na daktari yuleyule tangu kliniki hadi siku ya uchungu kuna thamani pia, na hospitali kubwa binafsi za mji huu zina vifaa ambavyo za umma zingetamani kuwa navyo.

Tatizo liko kwa zile za kati na ndogo, zinazofanana na kubwa kwa rangi ya mapazia tu. Daktari bingwa ambaye jina lake liko kwenye bango hulala kwake, anaitwa kwa simu. Benki ya damu hakuna. Incubeta ipo moja, na huenda ina mtu. Mambo yakigeuka, mama anapakiwa kwenye gari na kupelekwa hospitali ileile ya umma ambayo familia ililipa pesa ili kuikwepa, tena anafika akiwa amechelewa na amepoteza damu.

Na hospitali inayolipwa zaidi kwa kupasua kuliko kwa kungoja ina kishawishi cha kupasua. Sisemi kila daktari binafsi anakimbilia kisu. Nasema mzazi ana haki ya kuuliza, kabla hajaweka amana, katika kila wazazi kumi wa mimba ya kwanza pale wangapi hupasuliwa na kwa sababu gani. Anayekasirika kwa swali hilo ameshajibu.

Kwa mzazi wa kwanza hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linasema upasuaji ukishapita asilimia 10 ya uzazi wote katika jamii, hakuna ushahidi kwamba ongezeko linaokoa maisha zaidi. Upasuaji unaohitajika hauna mbadala, unaokoa wawili kwa mpigo. Usiohitajika unaacha kovu kwenye kizazi, na kovu hilo litakuwa ajenda kwenye kila mimba inayofuata: nani atakubali kukuzalisha kawaida, wapi, na kwa tahadhari gani.

Kinachookoa kwa kweli

Sebule ya Tabata ingefaidika na matokeo ya tafiti mbili, zote zenye mkono wa Tanzania.

Ya kwanza ni ya kutokwa na damu baada ya kujifungua. Matokeo yake yalitoka mwaka 2023, baada ya kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Kilichobadilishwa ni utaratibu. Mama akishajifungua, chini yake unawekwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya kipimo, damu inamiminika humo na mkunga anaisoma. Ikifika alama, mambo yote ya matibabu yanafanywa kwa pamoja badala ya kufanya moja na kungoja: kukanda mji wa mimba, sindano ya kuukaza, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kuchunguza inatokea wapi. Kutokwa damu kwa kiwango cha hatari kulipungua kwa asilimia 60.

Kabla ya mfuko huo damu ilikuwa inakadiriwa kwa macho, kwenye shuka na kanga zilizolowa. Macho hudanganya, hasa usiku, hasa ya mtu aliye zamu tangu jioni.

Ya pili ilitoka mwaka 2025, ikihusu hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Kazi yenyewe ilikuwa imeota mizizi muda mrefu katika hospitali ya Haydom, huko Manyara. Wakunga walipewa vifaa vya kusikiliza moyo wa mtoto na vya kumpulizia hewa asiyelia, lakini kubwa zaidi walifanya mazoezi ya mara kwa mara palepale wodini: dakika chache, kwa mdoli, tena na tena, hadi mikono izoee. Vifo vya akina mama ndani ya wiki ya kwanza vilishuka kwa asilimia 75, na vya watoto navyo vikapungua.

Mtoto asiyelia ana kama dakika moja. Katika dakika hiyo anafutwa, anasuguliwa mgongo, akigoma anawekewa kile kimfuko cha hewa usoni. Anayekitumia ni mkunga aliyesimama hapo wakati huo. Profesa aliyeko nyumbani Masaki hawezi kufika.

Kwa hiyo ukienda kuikagua hospitali, na uende kweli, usiende siku ya kliniki asubuhi. Nenda jioni. Omba kuonyeshwa leba kwa heshima. Wengine watakukatalia kwa sababu ya faragha ya walio ndani, na wana haki. Lakini maswali hayakataliwi. Usiku wako wakunga wangapi, na wazazi kwa kawaida wangapi? Daktari wa zamu analala hapa au anaitwa? Mtaalamu wa usingizi je? Umeme ukikatika jenereta linawaka lenyewe au mtu anakwenda kuliwasha? Damu mnayo au mnaifuata? Mtoto akihitaji oksijeni mnaye wa kumhudumia au mnamhamisha, na kama mnamhamisha, wapi, kwa gari lipi?

Kituo kidogo kinachojibu haya yote bila kubabaika, na kinachosema waziwazi "hili hatuliwezi, tunampeleka Amana, gari liko pale", mimi ningekiamini kuliko jumba lenye mapokezi ya marumaru na jibu la "msijali, kila kitu kipo".

Barabara nayo imo

Wataalamu wa afya ya uzazi husema mama hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Katikati hapo ndipo Dar es Salaam inapochukua nafasi yake.

Kilomita 12 za usiku ni dakika ishirini. Kilomita hizohizo saa moja asubuhi, mvua ikinyesha, hakuna ajuaye. Bonde la Jangwani likijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa na mji unakatika vipande viwili. Watu wa Kigamboni kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2016 walikuwa wanapanga uzazi kwa ratiba ya pantoni. Leo wana daraja, na wana hospitali yao Vijibweni, na bado wapo wanaovuka kwenda mjini kwa mazoea tu.

Jipimie njia, usiku na asubuhi ya siku ya kazi. Uwe na namba za madereva wawili, si mmoja. Bodaboda si chombo cha mama mwenye uchungu, ingawa wanaofika kwayo wapo kila siku.

Na andika ukutani 115. Ndiyo namba ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ilianzia Kanda ya Ziwa, mwaka 2022 ikazinduliwa kitaifa. Simu ni bure. Anayepokea anauliza hali ya mgonjwa, kisha anatuma gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, anayelipwa na mfumo wenyewe. Inashangaza ni watu wangapi mjini wanaijua namba ya kuomba salio la dharura na hii hawaijui.

Bure yenye kapu

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma ya kujifungua katika vituo vya umma ni bila malipo. Kila aliyezaa huko anajua pia orodha inayokuja na hiyo bure: glovu, pamba, mpira wa kutandika kitandani, nyembe, kibanio cha kitovu, sindano, beseni, kanga. Vituo hutofautiana; kimoja kinavyo, kingine kimeishiwa wiki hii. Ulizia mwezi wa saba na ununue kidogokidogo. Duka la dawa lililo mbele ya geti la hospitali saa tisa usiku halina huruma ya bei.

Kwa hospitali binafsi, uzazi wa kawaida huanzia laki kadhaa hadi mamilioni, na upasuaji huenda mbali zaidi. Bei ya kuuliza si ya uzazi wa kawaida. Uliza ya upasuaji, na ya mtoto kulazwa siku saba kwenye chumba cha joto, maana hiyo ndiyo inayouza viwanja vya watu.

Wenye bima nao wasilale. Machi 1, 2024 hospitali kadhaa kubwa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa mvutano wa bei za huduma. Mvutano ule ulitatuliwa, lakini kuna mama ambao tarehe zao ziliangukia wiki hiyohiyo. Mwezi wa tisa wa mimba ukiingia, piga simu hospitali na bima, wote wawili, uthibitishe kadi inapokelewa na inalipia nini.

Lugha ya leba

Mume akisema "mazingira", wengi hudhani anazungumzia vigae. Mara nyingi anachotaka kusema ni kwamba mkewe asitukanwe.

Katika utafiti uliofanyika wilaya za Korogwe na Muheza, Tanga, wanawake waliojifungua waliulizwa mara mbili kama walinyanyaswa: kupigwa, kufokewa, kuachwa peke yao, kudhalilishwa. Wakati wa kutoka hospitali, 19 katika kila 100 walisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema ndiyo walikuwa 28. Hospitali ni ileile, uzazi ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa kwao, nesi hayupo mlangoni.

> Wakitoka hospitali, 19 katika 100 walisema walinyanyaswa. Nyumbani, wiki kadhaa baadaye, walikuwa 28.

Wakunga wana upande wao na ni wa kweli: mtu anayezalisha peke yake usiku kucha, glovu zikiwa za kuhesabu, ndugu wakigonga dirisha, uvumilivu wake una mwisho. Hilo linaeleza. Halihalalishi kofi kwenye paja la binti wa miaka 19 anayeambiwa asukume.

Dawa moja iliyoonekana kusaidia ni msindikizaji. Kigoma, shirika la Thamini Uhai liliwahi kuingiza utaratibu wa mama kuwa na mtu wake wodini wakati wa uchungu. Msindikizaji anakanda mgongo, anatoa maji, anamwita mkunga mama akibadilika. Hospitali nyingi za umma bado zinakataa, kwa kisingizio ambacho si cha uongo: hakuna mapazia, na mume wa huyu atawaona wake za wale. Basi uulize kama wanamruhusu mwanamke, mama au dada. Na kama jibu ni hapana kabisa, hilo liingie kwenye mizani.

Mwezi wa nane, safari ya Tanga

Tumrudie mama mzazi, maana hoja yake husemwa ni ya kizamani na si kweli. Arobaini kwa mama yako ni huduma ambayo hakuna hospitali inayoiuza. Mzazi wa kwanza anahitaji mtu wa kumwamsha mtoto anyonye, wa kumwambia ziwa likijaa afanye nini, wa kugundua kwamba analia sana kuliko kawaida.

Ila desturi inamtaka mama ahame kliniki akiwa mwezi wa nane, kipindi ambacho presha ya mimba inapenda kujitokeza. Akienda, aende na kadi na majibu yake yote, kundi la damu likiwa limeandikwa, na afike kliniki ya huko ndani ya wiki ya kwanza, si siku ya uchungu. Maswali ya zamu ya usiku yaulizwe hukohuko pia, kwa ukali uleule. Kama nyumbani kwa mama ni saa mbili za barabara ya vumbi kutoka chumba cha upasuaji, suluhisho ni bibi kuja mjini kukaa miezi miwili. Mume anunue godoro.

Ukishajifungua salama, jambo la kuruhusiwa nalo lina haraka yake. Wodi zilizojaa huwatoa wazazi mapema. Kwa uzazi wa kawaida saa 24 za kwanza ndizo za kukaa chini ya jicho la mkunga, kwani damu nyingi na kifafa huweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa. Mtoto apate chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio kabla hajatoka.

Na kabla ya kuita gari, chukua tangazo la kizazi, ulisome palepale mlangoni, herufi kwa herufi: jina la mama, jina la baba, tarehe. Nesi aliyeandika alikuwa na wengine tisa wa kuwaandikia. Kurekebisha jina akiwa bado ana kalamu mkononi ni dakika moja. Kulirekebisha RITA mtoto akiwa anaanza shule ni habari nyingine kabisa.